Exim ikijibu “sijui”: mwongozo kamili wa ukaguzi wa mtumaji unaokwama kwa muda

Jumatatu moja asubuhi mhasibu wa ofisi ninayoihudumia alinipigia simu. “Kaka, ankara ya watu wa mizigo haijafika tangu Ijumaa, na wenyewe wanaapa wameituma.” Nikafungua logi ya Exim, programu inayopokea na kutuma barua pepe kwenye seva yetu, nikakuta mistari miwili inajirudia kwa zamu (majina na namba nimebadilisha):

```
H=mail.example.org [192.0.2.25] sender verify defer for <ankara@example.org>: host lookup did not complete
H=mail.example.org [192.0.2.25] F=<ankara@example.org> temporarily rejected RCPT <mhasibu@example.net>: Could not complete sender verify
```

Ankara haikuwa imekataliwa, na haikuwa imepokelewa. Kila ilipobisha iliambiwa irudi baadaye, ikarudi, ikaambiwa tena, siku tatu nzima. Seva yetu ilitaka kujua kama domeini ya mtumaji ipo, ikashindwa kupata jibu, ikaona heri iahirishe. Hakuna aliyepata taarifa ya kosa: mtumaji anajua ametuma, mpokeaji hana habari, fundi amelala.

Hapa nitaeleza ninavyopanga kanuni za ufikiaji za Exim 4 ili hali hiyo isijirudie. Mifano ni ya Debian, ndiyo ninayoshinda nayo. Wa Postfix na cPanel mna sehemu yenu mwishoni.

Majibu ni matatu

Ukipiga hodi kwenye nyumba ya watu ukimwulizia mtu, unaweza kujibiwa “karibu”, unaweza kujibiwa “huyo hakai hapa”, au ukapiga hodi mpaka mkono uchoke na usisikie kitu. Ukaguzi wa mtumaji una majibu hayo hayo. Masharti ya `verify = sender` hurudisha ndiyo, hapana, au hitilafu ya muda. Kosa kubwa ninaloliona kwenye usanidi wa watu ni kuandika kanuni zinazofikiria majibu mawili tu, na kuliacha la tatu liangukie popote.

Na linaangukia wapi? Kanuni kama hii:

```
deny  !verify = sender
```

ikipata “hapana”, inatoa msimbo wa 550 na barua inarudi kwa mwenyewe. Ikipata “sijui”, Exim haiendelei na kanuni zinazofuata. Orodha nzima inaishia hapo, na mtumaji anapewa 451, msimbo wa “rudi baadaye”. Kwa hiyo hata neno `deny` lenyewe linaweza kuahirisha. Watu wengi hawalijui hili mpaka simu ya mhasibu iingie. Neno `warn` tu ndilo tofauti: likikutana na hitilafu ya muda huandika kwenye logi, likaruka yaliyobaki katika kanuni yake, na kazi ikaendelea kwenye kanuni inayofuata.

Barua zenye mtumaji mtupu, yaani taarifa za kurudishwa kwa barua, hupita ukaguzi huu moja kwa moja. Usihangaike nazo.

451 siyo mwisho wa dunia. RFC 5321, kanuni rasmi ya utumaji wa barua pepe, inaitaka seva inayotuma isubiri walau dakika 30 kabla ya kurudia, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Exim yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, hurudia kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo, kisha inaongeza pengo mpaka saa 16, halafu kila saa 6 hadi siku ya 4. Hitilafu ya dakika 10 kwako humpotezea mtumaji muda mdogo tu. Ila hitilafu ya wikiendi nzima inakula sehemu kubwa ya zile siku 4.

Hatua ya 1: jua ugonjwa ni wako au ni wao

Usiguse kanuni hata moja kabla ya kuhesabu. Amri hii inaonyesha domeini zinazokwama zaidi:

```
grep 'sender verify defer' /var/log/exim4/mainlog \
  | grep -o 'for <[^>]*>' | sed 's/.*@//; s/>//' \
  | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Ukiona domeini moja ina mistari 200 na nyingine hazipo, tatizo liko kwa mwenye domeini hiyo. Ukiona domeini 40 zisizohusiana, kila moja na mistari yake michache, jiangalie mwenyewe. Mtandao mzima wa dunia haujaharibika kwa wakati mmoja, umeharibika wako.

Kisha uliza DNS, mfumo unaotaja seva za kila domeini (MX ni rekodi ya seva yake ya barua), kwa mkono, kwenye seva hiyo hiyo ya barua:

```
dig MX example.org
```

Tazama neno lililo mbele ya `status:`. `NXDOMAIN` ni “hapana” halali: domeini haipo. `SERVFAIL`, au amri kuganda mpaka muda uishe, ndiyo “sijui”. Jumatatu ile, `/etc/resolv.conf` ilikuwa na seva mbili za DNS. Ya kwanza ilikuwa imekufa, na ya pili ilijibu kwa kusuasua. Domeini kubwa zilipita kwa sababu majibu yake yalikuwa tayari kwenye kumbukumbu ya ile ya pili. Domeini ndogo ndogo, zikiwemo za watu wa mizigo, ndizo zilizokwama. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema: barua zilikuwa zinaingia, ila siyo zote. Niliweka Unbound, programu ya DNS, kwenye seva yenyewe, nikaelekeza `/etc/resolv.conf` kwa 127.0.0.1, na foleni ikaanza kufunguka mchana ule ule bila kanuni yoyote kuguswa.

Ningekushauri ufanye hivyo hata kama huna tatizo leo. Seva ya barua isiyo na DNS yake ya karibu inaishi kwa huruma ya jirani.

Kama unatumia ukaguzi wa kupiga hodi, ule wa kigezo cha `callout` ambapo seva yako inaifuata seva ya mtumaji na kuiuliza kama anwani ipo, jaribu na hili:

```
nc -vz -w 5 mail.example.org 25
```

Ikiganda kwa kila seva unayoijaribu, yawezekana poti 25 ya kutokea imefungwa. Google Cloud huifunga, na AWS huibana kwa seva mpya za EC2 mpaka uombe ifunguliwe. Mtu aliyehamishia seva yake huko na kupitisha barua zake zote kwa seva ya kati haoni shida wakati wa kutuma, lakini kila hodi anayopiga inakwama. Na akiwa ameipanga Exim ipeleke kila kitu kwa seva hiyo ya kati, hodi nayo inaelekezwa huko, ikajibiwa “karibu” kwa anwani yoyote ile. Hapo ukaguzi huo uzime tu, hauna faida.

Hatua ya 2: zielewe `defer_ok` mbili

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, nami niliteleza. Ukaguzi wa mtumaji una vituo viwili. Cha kwanza ni kutafuta njia: Exim inauliza DNS kama kuna mahali pa kupeleka barua ya domeini hiyo. Cha pili, kama umekiomba, ni kupiga hodi. Kila kituo kina “sijui” yake, na kila kimoja kina `defer_ok` yake. Neno ni lile lile, limewekwa mahali pawili tofauti:

```
verify = sender/callout=20s,defer_ok
verify = sender/defer_ok/callout=20s,defer_ok
```

Kwenye mstari wa kwanza, `defer_ok` iko baada ya koma, ndani ya `callout`. Inasamehe hodi isiyojibiwa. DNS ikikwama, barua bado inapata 451. Kwenye mstari wa pili, ile inayofuata mkwaju inasamehe DNS pia. Niliwahi kukaa na mstari wa kwanza miezi kadhaa nikijiamini kwamba “nimeshaweka defer_ok”, kumbe nilikuwa nimefunga dirisha na kuacha mlango.

Kusamehe maana yake ni kuhesabu “sijui” kama “ndiyo”. Jibu la namna hiyo haliingizwi kwenye kache ya hodi. Majibu ya kweli huhifadhiwa: anwani iliyokubaliwa hukaa saa 24, iliyokataliwa saa 2. Hivyo hodi iliyokwama itapigwa tena barua inayofuata ikija, na hilo lina gharama tutakayoiona.

Hatua ya 3: amua nani abebe mzigo wa kutojua

Hakuna jibu moja kwa kila mtu. Ukiahirisha, mzigo anaubeba mtumaji na foleni yake. Ukisamehe, unaubeba wewe, kwa maana taka kidogo zitapenya siku DNS ikiyumba. Mimi nagawa watumaji mafungu mawili: washirika wachache ambao barua zao zikichelewa kazi inasimama, na dunia nzima iliyobaki.

Benki siziweki kwenye fungu la washirika, ingawa zinaonekana kustahili. Domeini ya benki ndiyo matapeli wanayopenda kuivaa, na siku DNS yako ikiwa imelala, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) nayo haikusaidii kwa kuwa inategemea DNS hiyo hiyo. Barua halisi ya benki itarudia kubisha. Ya tapeli mara nyingi hairudi.

Andika faili `/etc/exim4/kanuni_zangu`:

```
# Washirika: "sijui" inapita, "hapana" haipiti
deny
  sender_domains = partial-lsearch;/etc/exim4/washirika
  message = Sender domain cannot be verified
  !verify = sender/defer_ok

# Wengine: "sijui" inaahirishwa, "hapana" inakataliwa
deny
  !sender_domains = partial-lsearch;/etc/exim4/washirika
  message = Sender domain cannot be verified
  !verify = sender

# Hodi, kwa domeini zilizotajwa tu
deny
  sender_domains = lsearch;/etc/exim4/wa_kupigiwa_hodi
  message = Sender address refused by its own mail server
  !verify = sender/defer_ok/callout=15s,connect=5s,maxwait=30s,defer_ok
```

Ujumbe wa kukataa nimeuacha kwa Kiingereza makusudi. Atakayeusoma ni fundi wa upande wa pili, pengine yuko Ujerumani, na saa hiyo hana hamu ya kujifunza Kiswahili. Kama barua zako nyingi zinatoka ofisi za hapa hapa, andika Kiswahili, hakuna kinachozuia.

Kwenye faili la washirika weka domeini moja kila mstari. Kwa `partial-lsearch`, mstari wa `*.example.org` unashika example.org yenyewe pamoja na domeini ndogo zilizo chini yake. Kisha ruhusa:

```
chown root:Debian-exim /etc/exim4/washirika /etc/exim4/wa_kupigiwa_hodi
chmod 640 /etc/exim4/washirika /etc/exim4/wa_kupigiwa_hodi
```

Usiiruke hatua hii. Exim ikishindwa kufungua faili la orodha, iwe halipo au haina ruhusa ya kulisoma, inaihesabu hiyo nayo kuwa hitilafu ya muda na kuanza kumwambia kila anayekuja arudi baadaye. Dawa inakuwa ugonjwa wenyewe.

Sasa iambie Debian iingize kanuni zako. Kama usanidi wako umegawanywa katika faili nyingi, andika ndani ya `/etc/exim4/conf.d/main/000_localmacros`, kama ni faili moja, tumia `/etc/exim4/exim4.conf.localmacros`:

```
CHECK_RCPT_LOCAL_ACL_FILE = /etc/exim4/kanuni_zangu
```

Angalia pia kama `CHECK_RCPT_VERIFY_SENDER` imewashwa mahali. Ikiwa imewashwa, izime, kwa sababu ina `!verify = sender` yake isiyo na msamaha, na inatangulia ya kwako. Washirika wataahirishwa kabla hata orodha yako haijasomwa.

Hatua ya 4: hodi zipigwe kwa kiasi

Kigezo cha `callout` kina adabu zake. Kila taka inayokuja na anwani ya kughushi inaifanya seva yako ikasumbue seva ya mtu asiyehusika. Wapo wasiolipenda hilo kabisa: orodha ya Backscatterer, kwa mfano, huorodhesha seva zinazopiga hodi ovyo, na ukiingia humo barua zako mwenyewe zinaweza kukataliwa. Kwa hiyo hodi ziwe kwa domeini ulizozitaja tu, na ziwe baada ya ukaguzi wa bei nafuu: mpokeaji yupo? Anwani ya IP imo kwenye orodha nyeusi?

Halafu kuna muda. Bila kutaja kitu, hodi moja inaruhusiwa sekunde 30, na jumla ya kuhangaika na seva zote za domeini hiyo ni mara nne yake, yaani dakika 2. Wakati huo wote mtumaji ameshikilia laini. Na `smtp_accept_max` ya kawaida ni 20. Watumaji 20 wa domeini iliyozimika wakija pamoja, seva yako imejaa na wengine wote wanagongwa mlango usoni, pengine hadi dakika 2. Hodi iliyokwama haihifadhiwi kwenye kache, kwa hiyo wakirudi mchezo unaanza upya. Ndiyo maana nimeandika `callout=15s,connect=5s,maxwait=30s`.

Usishtuke ukiona hodi inajibiwa 450 au 451. Mara nyingi upande wa pili kuna mfumo wa kumkawiza mgeni anayekuja mara ya kwanza, na hodi yako, yenye mtumaji mtupu, imehesabiwa kuwa mgeni. Bila `defer_ok`, barua itaahirishwa, itarudi, hodi itapigwa tena na safari hii itakubaliwa kwa kuwa sura imeshazoeleka. Inafanya kazi, ila ankara ya saa 3 inafika saa 5.

Hatua ya 5: jaribu kabla ya kuachia

Jenga usanidi na uukague kabla ya kupakia upya:

```
update-exim4.conf
exim4 -bV
```

Kisha tengeneza “sijui” ya makusudi. Kuna domeini iitwayo dnssec-failed.org ambayo sahihi zake za DNSSEC zimeharibiwa kwa ajili ya majaribio. Kama DNS yako inahakiki sahihi, na Unbound kwa usanidi wa Debian inahakiki, itajibu `SERVFAIL`:

```
exim4 -bvs mtu@dnssec-failed.org
exim4 -bhc 203.0.113.5
```

Amri ya kwanza inakagua anwani kama mtumaji. Ya pili inakuigizia mazungumzo ya SMTP kana kwamba unatoka kwenye IP uliyoitaja, wala haipokei barua yoyote kikweli. Herufi `c` mwishoni ni muhimu: `-bh` tupu haipigi hodi. Andika mwenyewe `EHLO`, `MAIL FROM:<mtu@dnssec-failed.org>`, `RCPT TO:` na anwani yako halisi. Unapaswa kuona 451. Iongeze domeini hiyo kwenye faili la washirika, rudia, na sasa upate 250, yaani “karibu”. Kisha jaribu domeini ya kubuni isiyokuwepo kabisa: hiyo ipate 550 katika hali zote mbili. Ukishapata majibu yote matatu, iondoe dnssec-failed.org kwenye orodha na uachie:

```
systemctl reload exim4
```

Kwa hodi, chukua domeini ndogo yako mwenyewe na uelekeze MX yake kwenye jina lenye IP 192.0.2.1. Namba hizo zimetengwa kwa mifano tu, hakuna seva inayojibu huko, na utaona kwa saa yako kama `connect` inaheshimiwa.

Hodi ikikupa majibu ya ajabu, angalia kilichohifadhiwa:

```
exim_dumpdb /var/spool/exim4 callout
```

Jibu bovu lililoganda humo unaweza kulifuta kwa `exim_fixdb`, badala ya kungoja muda wake uishe.

Wa cPanel na Postfix

cPanel inatumia Exim, lakini usihariri `exim.conf` kwa mkono: faili hilo hujengwa upya na kazi yako ikapotea. Pitia Exim Configuration Manager, ambako ukaguzi wa mtumaji na hodi zina swichi zake. Logi iko `/var/log/exim_mainlog`.

Postfix ina tabia tofauti. Kanuni ya `reject_unverified_sender` hutoa 450 kwa “hapana” na kwa “sijui” vilevile, hivyo kwa msimbo peke yake huwezi kuzitofautisha. Zitenganishe:

```
unverified_sender_reject_code = 550
unverified_sender_defer_code = 450
unverified_sender_tempfail_action = defer_if_permit
```

Mstari wa kwanza usiuweke siku ya kwanza. Tanguliza `warn_if_reject` mbele ya `reject_unverified_sender` kwa wiki mbili hivi, usome logi, ndipo ukaze. `defer_if_permit` ndiyo hali ya kawaida na ina busara: kama kanuni nyingine ya mbele ingeikataa barua hiyo kabisa, itakataliwa kabisa; inaahirishwa pale tu ambapo ingekubaliwa. Mbadala uliopo ni `defer`, unaoahirisha papo hapo. Msamaha kama wa `defer_ok` haupo, kwa hiyo washirika wako wape `OK` kwenye jedwali la `check_sender_access` linalotangulia ukaguzi.

Ukikuta “Address verification in progress” kwenye logi ya Postfix, usianze kumtafuta mchawi. Postfix hungoja jibu la uchunguzi wake kwa sekunde chache tu, kisha humwambia mtumaji arudi. Akirudi, jibu la kweli likiwa limeshapatikana litakuwa tayari kwenye kache, na lililokubaliwa hukaa humo siku 31.

Ile amri ya kuhesabu ya hatua ya 1 nimeiweka kwenye cron, inaniletea orodha kila siku saa 12 asubuhi. Siku nyingi huwa na domeini mbili tatu, zile zile za kila siku. Zikizidi kumi, naanza na `dig` kabla ya chai.